Kwa nini kampuni za gemu huzirudisha gemu za zamani kwa malipo ya mwezi badala ya kuziuza?

Tarehe 27 Januari 2023, gemu ya GoldenEye 007 ilirudi. Ni gemu ya James Bond iliyotengenezwa na studio ya Rare ya Uingereza, ikatoka mwaka 1997 kwenye Nintendo 64 na kuuza nakala zaidi ya milioni 8. Wengi walijifunza humo kuwindana watu wanne kwenye televisheni moja, skrini ikiwa imegawanywa mara nne. Baada ya miaka 25 ya kungoja, mashabiki waliipata siku moja kwenye Nintendo Switch na kwenye Xbox.

Lakini hakuna aliyeweza kuingia duka la mtandaoni na kuinunua GoldenEye peke yake. Kwenye Switch, sharti ulipie kifurushi cha juu cha Nintendo Switch Online, huduma ya usajili ya Nintendo. Kwenye Xbox iliwekwa ndani ya Game Pass, huduma ya Microsoft ya malipo ya mwezi, na nje ya hapo waliipata wale tu wenye nakala ya kidijitali ya Rare Replay, mkusanyiko wa gemu za studio hiyo. Gemu iliyosubiriwa hivyo ingeuzika vizuri tu. Kwa nini basi haikuwekewa bei ikauzwa?

Jibu fupi ni hili: gemu iliyozeeka huingiza pesa kidogo ikiuzwa, lakini hufanya kazi kubwa ikimzuia mteja asijitoe. Ukishalielewa hilo, utaelewa pia kwa nini gemu nyingine hazirudi kabisa, na kwa nini nyingine hurudi kisha zikatoweka.

Gemu iliyokwisha kurudisha gharama

Gemu kubwa huvuna sehemu kubwa ya mapato yake katika wiki za mwanzo. Baada ya hapo bei huporomoka: nusu, robo, mwishowe dola chache tu msimu wa punguzo. Upande wa gharama, mambo yamekwisha. Mishahara ya waliotengeneza ililipwa zamani, matangazo yalipita, kilichobaki ni faili kwenye seva. Kumruhusu mtu mmoja zaidi alipakue hakuongezi gharama ya kutajika.

Sasa chukua gemu mia za namna hiyo uziweke pamoja. Hakuna hata moja ambayo peke yake ingemfanya mtu atoe dola 10 kila mwezi. Zikiwa pamoja, daima ipo moja ambayo hajaimaliza na nyingine aliyoipangia wikendi ijayo. Swali linalozinyima usingizi kampuni za huduma hizi ni watu wangapi watajitoa mwezi huu. Gemu mpya huwaleta watu, na rafu ndefu ya gemu za zamani huwafanya wabaki.

Electronic Arts (EA), kampuni iliyotoa gemu za soka za FIFA, iliipiga hesabu hii mapema. Agosti 2014 ilifungua EA Access kwenye Xbox One kwa dola 4.99 kwa mwezi au 29.99 kwa mwaka. Gemu za mwanzo zilikuwa nne tu: FIFA 14, Madden NFL 25, Battlefield 4 na Peggle 2. Iangalie hiyo FIFA 14. FIFA 15 ilikuwa imebakiza wiki chache kutoka, na kila mpenzi wa gemu za soka anajua kinachofuata: toleo jipya likifika, la mwaka jana hupoteza karibu thamani yake yote, maana vikosi vimebadilika na uliokuwa ukicheza nao mtandaoni wamehama. EA ilichukua kitu kilichokuwa kinaelekea kufa sokoni ikakigeuza chambo. Aliyejiunga alipewa pia punguzo la asilimia 10 kwenye gemu za kidijitali za EA, na nafasi ya kuonja gemu mpya siku kadhaa kabla hazijatoka. Ya zamani ikamvuta mteja, mpya ikamtoa pesa nyingine.

Sony ilikataa kuipokea huduma hiyo wakati huo, ikisema haina thamani ya kutosha kwa wateja wa PlayStation. Julai 2019 ikaikubali.

Kuna pesa nyingine ambayo haionekani haraka. Grand Theft Auto V ya mwaka 2013 iliingia Game Pass mapema mwaka 2020, ikatoka mwezi Mei na nafasi yake ikachukuliwa na Red Dead Redemption 2 ya kampuni ile ile, na tangu hapo imekuwa ikiingia na kutoka. Kila inapoingia, wachezaji wapya hupata njia ya kufika GTA Online, sehemu yake ya kuchezea mtandaoni, ambako magari na majumba hununuliwa kwa pesa ya ndani ya gemu, na pesa hiyo ya ndani huuzwa kwa pesa halisi. Ukishaifahamu biashara hiyo, huoni tena ajabu kwamba gemu maarufu kiasi hicho hutolewa bila malipo ya ziada.

Na mwenye huduma humlipa vipi mwenye gemu? Kama huduma ni ya kampuni yenyewe, kama ilivyo kwa Nintendo, EA na Ubisoft, kwa gemu zake zenyewe hakuna wa kumlipa. Kama ni ya mwingine, mikataba hutofautiana: ama kitita cha mara moja kwa kipindi fulani, ama malipo yanayofuata jinsi gemu inavyochezwa. Phil Spencer wa Xbox alieleza mwaka 2020 kwamba Microsoft haina mkataba wa aina moja kwa wote. Kwa gemu ambayo mauzo yake yamekauka, kitita hicho ni pesa iliyopatikana karibu bila jasho.

Wazo lenyewe si la juzi. Mwishoni mwa 1994 Sega ilianza kusambaza gemu nchini Marekani kupitia kebo za televisheni, huduma iliyoitwa Sega Channel. Mteja alichomeka kifaa kwenye tundu la kaseti, akachagua kwenye orodha iliyofikia gemu 50 na iliyobadilishwa kila mwezi, akangoja ishuke, akacheza. Akizima mashine, gemu inafutika. Sega Channel ilifungwa mwaka 1998, lakini mambo yote ya msingi yalikuwa tayari humo: malipo ya mwezi, orodha inayobadilika, na mteja asiyebaki na kitu mkononi.

Mashine ambayo haipo tena

Ukubwa wa kazi ya kuirudisha gemu unategemea ilitoka kwenye mashine gani. Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ina kilobaiti 40 hivi, ndogo kuliko picha moja ya simu. Simu yoyote ya leo ina nguvu ya kutosha kuendesha programu inayoiga mashine yake. Ndiyo maana Nintendo iliweza kuanza huduma yake Septemba 2018 kwa dola 19.99 kwa mwaka mzima, ikiwa na gemu 20 za NES, mashine yake ya miaka ya themanini.

PlayStation 3 ni habari nyingine. Ilipotoka mwaka 2006 ilibeba kichakataji kiitwacho Cell, kazi ya pamoja ya Sony, Toshiba na IBM. Kilikuwa na kiini kikuu kimoja na viini vidogo kadhaa vya pembeni, kila kimoja na kumbukumbu yake finyu. Watengenezaji wa gemu walilazimika kugawa kazi wenyewe, wakiamua kiini kipi kihesabu mienendo ya vitu na kipi kisaidie kuchora, na data ihamishwe lini kutoka hapa kwenda pale. Gemu zilizoandikwa kwa uangalifu huo zimefungamana na mashine ile. PlayStation 4 na 5 zina kichakataji cha jamii tofauti kabisa, na kumwiga Cell kwa kasi inayotosha ni shughuli pevu.

Sony ikachagua njia ya kuzunguka. Mwaka 2012 ilinunua Gaikai, kampuni ya kutiririsha gemu kupitia intaneti, kwa dola milioni 380, na hadi leo gemu za PS3 zilizomo katika huduma yake ya usajili, PlayStation Plus Premium, hazipakuliwi, hutiririshwa tu. Fikiria maana yake. Unabonyeza kitufe cha kuruka. Amri inasafiri hadi kwenye seva, seva inamrusha mhusika, inachora picha, inaibana na kukurudishia kama video, na yote hayo lazima yaishe katika sehemu ndogo ya sekunde. Intaneti ikisita kidogo, mhusika ameshatumbukia shimoni kabla wewe hujaliona shimo. Gemu za mapigano na za kuruka-ruka, ambazo uhai wake uko kwenye wakati wa kubonyeza, huumia kuliko zote.

Nani mwenye gemu?

Mara nyingi, hata hivyo, kinachokwamisha ni karatasi. GoldenEye ilichapishwa na Nintendo. Rare iliyoitengeneza ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2002 kwa dola milioni 375. Na Bond alikuwa na wenye haki zake, kampuni za filamu za Eon na MGM. Hakuna aliyeweza kufanya lolote bila wengine. Toleo lililoboreshwa kwa ajili ya Xbox 360 lilikuwa limekaribia kukamilika miaka ya 2000, likazuiwa, likakaa kabatini hadi lilipovuja mtandaoni mwaka 2021. Makubaliano yalipopatikana, Switch ilipata mchezo wa mtandaoni ambao Xbox haikuupata, na Xbox ikapata picha safi zaidi. Mimi ninaona humo alama za mazungumzo marefu.

Muziki ni mwiba mwingine. Nyimbo za redio ndani ya gemu hukodishwa kwa muda, na walioandika mikataba ya zamani hawakuwaza kwamba gemu itakuwa bado inachezwa miaka kumi baadaye. Grand Theft Auto IV ilitoka Aprili 2008. Aprili 2018 nyimbo zake nyingi ziliondolewa, na kituo cha Kirusi cha Vladivostok FM ndicho kilichoumia zaidi. Alan Wake iliondolewa madukani Mei 2017 kwa sababu ya muziki, ikarudi Oktoba 2018. Forza Horizon 4 iliondolewa Desemba 2024 leseni zake zilipokwisha, na gemu ile imejaa magari ya kampuni halisi.

Hapa ndipo usajili unapozidi kuifaa kampuni. Ukimuuzia mtu gemu ya kidijitali kisha ukaiondoa dukani, kwa kawaida bado unawajibika kumwachia aipakue tena. Ukimkodishia kwa mwezi, siku leseni inapokwisha unafunga mlango, na hakuna wa kukudai. Faili la maendeleo yake linaweza kubaki kwenye mashine yake, lakini gemu ya kulifungulia haipo.

Sioni ubaya wa huduma hizi kwa mtu anayependa kuonja. Anayecheza gemu kumi kwa mwaka, na asiyejali kuzirudia, hupata mengi kwa pesa yake. Ninachokipinga kwa moyo wote ni kauli inayosikika kila mara kwamba huduma hizi ndizo zinazohifadhi historia ya gemu. Mwaka 2023 Video Game History Foundation, taasisi ya Marekani, ilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka nchini humo kabla ya mwaka 2010 hazipatikani tena sokoni. Zinazorudi ni zile ambazo jina lake bado linavuta watu. Gemu ya studio iliyokufa, ambayo haijulikani hata nani mrithi wa haki zake, haimzuii mteja yeyote asijitoe, hivyo hakuna anayelipa mawakili wamtafute mwenye haki hizo. Tofauti na huduma hizo, duka la GOG, lililoanza mwaka 2008, huuza gemu za zamani bila kufuli ya kidijitali: ukishapakua faili la kusakinisha, ni la kwako, hata duka likifungwa. Katalogi yake nayo, hata hivyo, inafika pale tu haki zinapopatikana.

Wahifadhi waliomba njia nyingine. Walitaka maktaba na makavazi ya Marekani yaruhusiwe kumfungulia mtafiti gemu isiyouzwa tena akiwa mbali, kupitia intaneti. Chama cha kampuni za gemu, ESA, kilipinga, na Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya nchi hiyo ikakataa, ikitaja hatari kwamba gemu hizo zingechezwa kwa burudani na kuumiza soko la gemu za zamani. Soko hilo lina thamani ya kulindwa leo kwa sehemu kwa sababu ya usajili wa mwezi, na kadiri rafu hizo zinavyoingiza pesa, ndivyo wenye haki wanavyopata sababu ya kubana hata zile ambazo hawana mpango wa kuzirudisha. Mtafiti anayetaka kuichunguza gemu ya mwaka 1993 isiyouzwa popote bado hulazimika kufunga safari hadi kwenye jengo inamotunzwa, akaichezee humo humo.