Chambo hai ziwani Kivu: badilisha maji, mapovu peke yake hayatoshi

Asubuhi moja, ufukweni mwa ghuba ya Bukavu, mzee mmoja anayetega kambale aliniita nikatazame bidoni yake. Ilikuwa ile ya njano ya lita 20, imekatwa juu, na ndani yake mlikuwa na kimashine cha betri kinachopuliza hewa, cha aina inayouzwa kwa ajili ya samaki wa mapambo. Mapovu yalikuwa yanapanda vizuri kabisa. Katikati ya mapovu hayo walielea samaki kama 30, matumbo juu.

«Agronomu,» akasema, «mashini iko inatumika muzuri, hewa iko inaingia, na samaki zinakufa. Ni nini?»

Sisi tunaofanya ugani wa uvuvi kando ya ziwa hili tunaulizwa swali hilo mara nyingi siku hizi. Vijana wanaona kwenye simu matangi ya chambo ya boti za baharini, wanayaiga kwa vifaa walivyonavyo, na samaki wanakufa kabla ya ndoana ya kwanza kuzama. Fundi halaumiwi. Tangi la baharini lilitengenezwa kwa maji mengine na hewa nyingine.

Tuanze na hewa. Uso wa Kivu uko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na huku juu msukumo wa hewa ni mdogo kuliko wa pwani kwa takriban asilimia 16. Maji hubeba oksijeni kulingana na msukumo huo. Maji yasiyo na chumvi ya pwani yenye joto la nyuzi 25 yakishiba hewa hubeba karibu miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita. Huku kwetu, kwa joto lilelile, hayafiki 7. Puliza utakavyo, maji yakishashiba yameshiba. Kwa hiyo ukisikia mtu wa pwani anaweka samaki 60 ndani ya pipa, wewe weka 50.

La pili ndilo lililomuua samaki wa yule mzee, nalo watu wengi hawalijui. Maji ya juu ya Kivu yana hali ya magadi, pH yake, yaani kipimo cha ugadi, iko karibu na 9. Samaki anapumua na kutoa taka kwa mashavu yale yale, na taka hiyo kubwa ni amonia. Kwenye maji ya kawaida yenye pH 7, hata sehemu moja katika mia ya amonia hiyo haiwi sumu. Iliyobaki imetulia, haimdhuru samaki sana. Kwenye pH 9, zaidi ya theluthi moja inageuka kuwa sumu inayopenya mashavu. Bidoni ya lita 20, samaki 30, saa mbili tatu bila kubadilisha maji: hesabu yake unaijua. Kimashine cha hewa nacho kilizidisha ubaya, maana mapovu hufukuza kaboni dayoksaidi wanayotoa samaki wenyewe, gesi ambayo ingeushusha ule ugadi kidogo.

Kwa hiyo tangi la Kivu lina kazi moja kubwa: kutoa maji ya zamani na kuingiza ya ziwa. Hewa itakuja na maji hayo.

Tangi lenyewe ni lile pipa la plastiki la bluu la lita 60, lenye mfuniko mpana. Sokoni Kadutu na kwenye maduka ya vifaa utayakuta yaliyokwisha kutumika. Kabla ya kuuliza bei, fungua mfuniko unuse. Pipa lililobeba chakula ni zuri. Lililobeba mafuta ya kupikia lioshwe kwa maji moto na sabuni, kisha lisuuzwe mara nyingi, kwa sababu utando wa mafuta juu ya maji unazuia hewa isiingie. Lililobeba dawa ya wadudu au kemikali usiyoijua, liache pale pale, hata ukipewa bure. Plastiki inaikumbuka dawa kuliko muuzaji.

Kwa nini la mviringo? Samaki wadogo wakiogopa hukimbilia pembeni, wakarundikana, wakagonga pua na kupoteza magamba. Ukiwawekea mviringo hawana pembe ya kurundikana, wanazunguka tu. Ndiyo maana silipendi kasha la mbao lenye pembe nne, ingawa ni rahisi kulitengeneza.

Matundu ni mawili. La kuingizia maji liwe juu, la bomba la milimita 20, na mdomo wa bomba uelekezwe kando kando ya ukuta wa pipa, usielekee katikati. Maji yanayopita ukutani yanalifanya tangi lote lizunguke polepole na samaki wanaogelea kukabili mkondo kama walivyozoea. La kutolea liwe la bomba la milimita 40, sentimita kama 10 chini ya mfuniko. Usiyafanye matundu haya yalingane: kinachotoka kikiwa chembamba kuliko kinachoingia, siku jani likiziba kidogo tu mtumbwi unaanza kujaa maji na wewe uko busy na mshipi. Ndani, mbele ya tundu la kutolea, funika kwa kipande kipana cha wavu wa plastiki. Kipana, nasisitiza. Kichujio kidogo kinavuta kwa nguvu na kuwabana samaki; kipana kinavuta taratibu.

Ili bomba lisivuje, kata pete mbili kutoka kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, moja ndani na moja nje, kisha kaza nati ya plastiki. Pete hizo zinashika kuliko gundi nyingi. Ukitumia silikoni, iache ikauke saa 24, jaza maji, yamwage, ndipo uweke samaki. Viungo vyote viwe vya plastiki. Shaba na mabati yenye zinki huachia madini yanayomuua samaki hata kwa kiasi kidogo, na maji ya mvua yaliyotoka kwenye bati jipya yana shida hiyo hiyo.

Pampu ndiyo kitu ghali katika kazi hii yote. Ile ndogo ya kutolea maji ndani ya boti, ya volti 12, inayoandikwa lita 1,900 kwa saa, inakula kama ampea 2. Huku mjini betri za pikipiki zimejaa, kwa hiyo tuhesabu kwa betri hiyo ya ampea-saa 7. Ukiiwasha pampu bila kuzima, baada ya saa tatu na nusu betri imekwisha, na betri hii ya madini ya risasi ikizoeshwa kumalizwa hivyo haikai. Iwashe dakika 2 katika kila 10. Pampu ikipandisha maji juu haitoi zile 1,900, tuseme 1,500. Kwa mtindo huo unapata lita 300 kwa saa, yaani maji ya tangi yanabadilika mara tano, na kwa usiku wa saa 8 betri imetumia ampea-saa 3.2 tu, chini ya nusu. Swichi ya mkono inatosha. Weka fyuzi karibu na betri, na betri ikae ndani ya bidoni iliyokatwa, mbali na maji.

Hauna pampu? Wengi hawana, na si mwisho wa mambo. Chukua bidoni ya lita 20, itoboe pande zote kwa msumari uliochomwa motoni, matundu yawe madogo kuliko kichwa cha samaki. Hapa pana jambo dogo linaloua samaki wengi: plastiki iliyoyeyuka huacha ukingo mkali upande wa ndani. Pitisha kidole ndani ya kila tundu. Kikikwaruza, kwangua kwa wembe. Funga chupa tupu mbili za lita 1.5 zenye vifuniko vilivyokazwa, moja kila upande, ili bidoni ielee. Chupa hizo ghuba yetu imezijaza, bahati mbaya. Mtumbwi ukisimama, bidoni inaning'inia ziwani na maji yanapita yenyewe. Mtumbwi ukienda, itoe: mkondo unawabana samaki kwenye ukuta wa nyuma hadi wafe. Wahamishie kwenye beseni, na kila dakika chache mwaga nusu ya maji, kisha jaza mengine kwa kumimina kutoka juu kupitia kopo lililotobolewa. Mtoto wa miaka kumi anaiweza kazi hiyo.

Sasa nani aingie ndani? Samaki anayeitwa sambaza msahau. Samaki huyu aliletwa Kivu kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960, amelisha miji yetu, lakini hawezi kushikwa: magamba yake yanabaki mkononi na yeye anakufa. Mweke kwenye ndoana akiwa amekufa, kambale hatajali sana. Wa kuweka hai ni wale wadogo wa kandokando, jamii ya Haplokromisi, au vifaranga vya kambale, ambao wana kiungo cha kuvutia hewa ya juu na huvumilia maji yaliyochoka. Mwenye urefu wa kidole, mmoja kwa lita kama una pampu. Bila pampu, nusu ya hapo. Usiwalishe siku moja kabla. Tumbo tupu linatoa amonia kidogo.

Wavue kwa wavu mdogo wa mkono, si kwa chandarua kando ya mitete. Siku moja nilifunua pipa nikakuta wingu la samaki wadogo kama vichwa vya viberiti, ilhali hakuna aliyewaweka. Jike wa Haplokromisi hubeba mayai na watoto mdomoni; akishtuka huwatema. Chandarua kikipita kwenye mitete kinabeba mama pamoja na watoto wote waliomo mdomoni mwake.

Maji ya bomba yasiingie kabisa, yana klorini. Ukilazimika, yakae wazi kwenye beseni saa 24 kwanza. Hata hivyo maji laini yanamshtua samaki aliyezaliwa kwenye madini ya Kivu, kwa hiyo changanya kidogo kidogo. Jua likiwa kali, tupia gunia lililoloweshwa juu ya pipa. Giza nalo linawatuliza. Ukiwaona wote wameinua midomo juu ya maji, wanatafuta oksijeni, usisubiri zile dakika 10.

Kuhusu uzito sitasema mengi. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo pipa likijaa umeongeza mtu mzima ndani ya mtumbwi, na ni mtu asiyeweza kuegemea upande mwingine wimbi likija. Likae katikati, chini kabisa, lifungwe kamba pande mbili, na lijae hadi tundu la kutolea. Maji ya nusu pipa yanahama upande mmoja kwa ghafla na kuuvuta mtumbwi. Ajali ya boti iliyozama karibu na bandari ya Kituku, Goma, Oktoba 2024 kila mvuvi anaikumbuka. Ukibeba pipa, punguza mzigo mwingine wa uzito ule ule, na jaketi la kuokolea livaliwe, lisikaliwe.

Chambo kilichobaki kirudi ziwa lile lile kilikotoka, au kiliwe. Usilete cha bwawani wala cha Tanganyika. Kule Tanganyika yupo samaki mrefu mwembamba anayeitwa Lampriktisi, ambaye miaka ya 2000 alijitokeza ndani ya Kivu na sasa anagombea chakula na sambaza. Kumtoa haiwezekani.

Yule mzee wa bidoni hakukitupa kimashine chake cha hewa. Anakitumia pale anapopita penye mafuta ya injini karibu na gati, au mvua ikishateremsha tope la mlimani, maana hapo kuchota maji ya nje ni kuwaingizia samaki uchafu. Anafunga bomba la pipa lake la sasa, anawasha mapovu robo saa, na akifika maji safi anafungua tena.