Ujazo wa Viwanja Ulikotoka

Mimi ni mpangaji miji, na mara kwa mara hunijia mnunuzi aliyefurahi kwamba amepata kiwanja cha "ujazo mkubwa", akidhani ameuziwa ardhi kubwa, nami hulazimika kumweleza kwamba kinachohesabiwa ni wingi wa nyumba katika eneo, kwa hiyo ujazo mkubwa ni viwanja vidogo, na ujazo mdogo ni vile vipana vya Masaki na Oyster Bay jijini Dar es Salaam. Istilahi hii inachanganya, na asili yake haipendezi.

Mwaka 1891, Wajerumani walipohamisha makao makuu yao kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam, walitoa kanuni za ujenzi zilizougawa mji katika kanda tatu kwa kutazama aina ya jengo lililoruhusiwa. Rangi ya mtu haikuwa na haja ya kutajwa, kwa kuwa gharama ya nyumba ya mawe ilitosha kuamua nani akae wapi. Ndivyo Uzunguni, Uhindini na Uswahilini zilivyojitenga. Waingereza waliukuta mgawanyo huo wakauimarisha, wakaacha uwanda wa Mnazi Mmoja kuwa mpaka kati ya Kariakoo na Uhindini, kwa hoja ya afya.

Mpango kabambe wa 1949, uliotayarishwa na kampuni ya wahandisi ya Alexander Gibb kutoka London, ulizungumza kwa lugha ya kitaalamu zaidi: ujazo mdogo, wa kati na mkubwa. Kila mtu alijua kwamba Oyster Bay ilikusudiwa Wazungu, Upanga Wahindi, na Ilala na Magomeni Waafrika.

Baada ya uhuru ubaguzi wa rangi uliondoka, lakini ngazi tatu zilibaki. Zilikuwamo hata katika mradi wa serikali wa kupima viwanja 20,000 jijini ulioanza 2002, na mimi mwenyewe huzichora.

Kasoro ya ngazi hizi huonekana kwenye mabomba. Kiwanja chenye upana mkubwa mbele hudai mita nyingi zaidi za barabara, bomba na waya kwa kaya moja, na gharama hiyo hubebwa na mji mzima, wakiwamo wa Manzese wanaonunua maji kwa ndoo. Kwa hiyo siku hizi, pale ninapopewa uhuru, huchanganya viwanja vya ukubwa tofauti katika kitalu kimoja. Pingamizi la kwanza hutoka kwa wanunuzi wa viwanja vikubwa, ambao huuliza majirani zao watakuwa watu wa namna gani.