Korona ilipoingia nyumba za wazee England: maswali na majibu kwa wanaofanya kea

Sisi Waswahili wa England, wengi tunakula kwa kazi ya kutunza wazee. Kwenye makaratasi inaitwa huduma ya jamii kwa watu wazima. Wenyewe tunaiita kea, na anayeifanya naye tunamwita kea. Mwaka 2020 nilikuwa zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee yenye vitanda 38. Maswali haya natumiwa mpaka leo, mengine na walioanza kazi baada ya korona, mengine na ndugu walioko Tanga na Mombasa wenye mtu wao huku. Naomba radhi mapema: kwenye jibu la malipo ya mgonjwa nimekaa sana, na nina sababu.

Nyumba hizi si za serikali? Kwa nini zilihitaji kusaidiwa?

Za serikali ni hospitali, kupitia NHS, yaani mfumo wa afya wa serikali. Nyumba za wazee nyingi ni biashara ya mtu, ukiacha chache za halmashauri na za mashirika ya hisani. England ina nyumba kama 15,000 za namna hii, na ukijumlisha kampuni zinazopeleka wahudumu majumbani kwa watu, wafanyakazi wote wanafika milioni 1.5 hivi. Kuna kampuni yenye nyumba zaidi ya mia, na kuna mke na mume waliogeuza nyumba yao ya ghorofa kuwa makazi ya wazee kumi na wawili. Mkazi huyu analipiwa na halmashauri. Wa chumba cha pili analipa kwa fedha ya nyumba aliyouza. Shirika la ukaguzi, CQC, linazikagua zote, ila kukagua si kugawa glavu.

Kwa hiyo gonjwa lilipofika, hospitali zilikuwa na bohari kubwa nyuma yao, na nyumba za wazee zikaenda sokoni kila moja kivyake. Meneja wetu aliwapigia simu wenye saluni za kucha kuomba glavu. Alipata katoni mbili, za rangi ya waridi. Tulizivaa.

Wazee hawatoki nje. Virusi viliingiaje?

Kwa milango miwili.

Mlango wa kwanza ni hospitali. Tarehe 17 Machi 2020 hospitali ziliagizwa kuachia vitanda kwa kuwaruhusu haraka wagonjwa walioweza kuondoka. Mpaka 15 Aprili, watu wapatao 25,000 walikuwa wametoka hospitali na kupelekwa nyumba za wazee, na si wote waliopimwa. Siku hiyo ya 15 Aprili ndipo serikali ilipotangaza kwamba kila anayehamishiwa nyumba ya wazee apimwe kwanza. Wafiwa wawili, Dkt. Cathy Gardner na Fay Harris, walikwenda mahakamani. Tarehe 27 Aprili 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba sera ile ilikiuka sheria, kwa kuwa haikuzingatia hatari ya mtu asiye na dalili kuambukiza wengine.

Mlango wa pili ni sisi wafanyakazi. Hili halipendezi kusikia, na simlaumu mtu. Muuguzi au kea asiyekohoa hana namna ya kujua kwamba amebeba kitu, na upimaji wa wafanyakazi na wakazi wote, wenye dalili na wasio nazo, ulitangazwa 28 Aprili tu. Wakati huo kea wa ejensi, yaani kampuni inayokodisha wafanyakazi wa muda, alikuwa anaweza kulala nyumba hii usiku wa Jumatatu na kuamkia nyumba nyingine Jumatano.

Kwa takwimu za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kati ya 2 Machi na 12 Juni 2020 walikufa wakazi 66,112 wa nyumba za wazee England na Wales, na vifo 19,394 kati ya hivyo vilihusishwa na korona.

Msaada gani uliwafaa kweli? Makofi ya Alhamisi?

Makofi ambayo watu walitupigia kila Alhamisi saa mbili usiku, wakiwa milangoni mwao, yalitufurahisha wiki ya kwanza. Kilichofaa ni kumlipa mtu akae nyumbani.

Twende kwa hesabu. Aprili 2020 kima cha chini cha mshahara kwa mwenye miaka 25 na zaidi kilikuwa pauni 8.72 kwa saa. Saa 40 kwa wiki ni pauni 348.80. Ukiumwa, malipo ya ugonjwa ya kisheria yalikuwa pauni 95.85 kwa wiki, yaani hayafiki hata theluthi moja. Na aliyekuwa akipata chini ya pauni 120 kwa wiki, labda kwa sababu ana mkataba usiomhakikishia saa, hakustahili kitu chochote. Wengi wetu tulikuwa kwenye mikataba ya namna hiyo. Juu yake weka kodi ya chumba, weka ada ya mtoto nyumbani, weka viza inayosema huruhusiwi kuomba ruzuku za serikali. Halafu mtu huyo aambiwe akae ndani siku kadhaa kwa ajili ya kikohozi.

Nakumbuka makabidhiano ya zamu moja mwezi Aprili, saa moja na nusu asubuhi. Dada mmoja tuliyekuwa tukifanya naye alisimama mbali kidogo na daftari, akakohoa kwenye kiwiko, akasema, "Ni mafua tu, usiku hita haikuwaka." Hakuna aliyemjibu. Tulikuwa watatu, wakazi 38, na kila mmoja wetu alijua alichokuwa akikihesabu kichwani. Tulimpa funguo za kabati la dawa akaanza kazi.

Mwezi Mei serikali ilitoa mfuko wa kudhibiti maambukizi, pauni milioni 600, kisha Oktoba ikaongeza milioni 546. Fedha zilipitia halmashauri kwenda kwa wenye nyumba, na ziliwekewa kazi maalumu: kumlipa aliyejitenga mshahara wake wa kawaida, na kumwezesha mfanyakazi kubaki nyumba moja badala ya kuzunguka tatu. Utafiti wa mwaka huohuo ulioitwa Vivaldi uliwauliza mameneja wa maelfu ya nyumba za wazee, ukaona jambo ambalo mfagizi wetu angekwambia bure: nyumba zilizolipa mshahara wa ugonjwa zilikuwa na maambukizi machache kwa wakazi, na zilizotegemea sana watu wa ejensi zilikuwa na mengi zaidi.

Kosa la mfuko ule ni kuchelewa. Kilele cha wimbi la kwanza kilikuwa Aprili. Na fedha ikipita kwa halmashauri, ikafika kwa mwajiri, bado inabidi mwajiri aamue kuitumia. Mahali fulani wafanyakazi walisikia habari za mfuko kwenye redio, si kwa meneja. Ukiajiriwa sasa, uliza kabla ya kusaini: nikiumwa mnalipa nini, kuanzia siku ya ngapi? Jibu la swali hilo litakueleza habari za usafi wa nyumba ile kuliko bango la kunawa mikono.

Kuvua vifaa vya kujikinga kunaanza na nini?

Kuvaa kila mtu anajua. Watu huambukizwa wakati wa kuvua. Glavu kwanza, kwa kuzigeuza nje ndani. Kisha aproni: kata kamba ya shingo, iache ianguke mbele, kata ya kiuno, ikunje upande mchafu ukiwa ndani. Osha mikono. Miwani au ngao ya uso baadaye, kwa kushika mikanda ya nyuma. Barakoa mwisho kabisa, nje ya chumba, nayo kwa kamba zake, bila kugusa mbele. Osha mikono tena. Glavu na aproni ni za mkazi mmoja. Usizivae kutoka chumba cha 4 kwenda cha 5 hata kama unakwenda kuchukua sinia tu.

Vifaa hivi vilianza kutolewa bure kwa watoa huduma kupitia tovuti ya serikali mwaka 2020, na kufikia vuli vilitosheleza mahitaji ya korona. Glavu za waridi zikapumzika.

Mzee wangu hana homa wala hakohoi. Nitajuaje kwamba anaumwa?

Utajua kwa kuwa unamjua. Mwili wa mtu wa miaka 88 mara nyingi haupandishi joto kama wa kijana. Dalili zinaweza kuwa ameanguka ghafla, amechanganyikiwa kuliko jana, analala mchana kutwa, amekataa chakula, amekojoa kitandani na si kawaida yake. Tulikuwa na bibi aliyekunywa vikombe vitatu vya chai kila asubuhi na kuchovya biskuti. Siku moja alikunywa nusu kikombe, na biskuti ikabaki kwenye kisahani. Joto lake lilikuwa 36.8. Tulimpima, akakutwa na korona. Andika vitu hivyo kwenye daftari la makabidhiano kwa saa na kwa kiasi. "Hajambo kidogo" haimsaidii daktari kwenye simu.

Kipimo cha oksijeni cha kidole kinasaidia. Mwongozo wa NHS kwa korona ulikuwa hivi: 95 na zaidi ni kawaida, 93 au 94, mpigie daktari wa familia au namba 111, 92 kushuka chini, ni dharura, piga 999. Wenye ugonjwa sugu wa mapafu wana namba zao wanazopangiwa na daktari, na wengine wana mpango wa matibabu unaosema hawataki kupelekwa hospitali, kwa hiyo usome kabla ya usiku wa dharura. Ondoa rangi ya kucha, pasha vidole moto, subiri namba itulie.

Na hili mshike sana, kwa sababu linahusu sisi na wazee wenye ngozi kama yetu: kwenye ngozi nyeusi kifaa hiki huweza kuonyesha namba ya juu kuliko ukweli. Kwa hiyo angalia mwelekeo. Aliyekuwa 97 jana na leo ni 94, na anahema, usitulizwe na kioo.

Mkazi mwenye ugonjwa wa kusahau hakai chumbani. Tumfungie?

Hapana. Kumfungia mtu bila utaratibu wa kisheria ni kumnyima uhuru wake, gonjwa au si gonjwa. Tafuta anachokitafuta: choo, mkewe, kazi aliyokuwa akifanya. Mpangie mtu mmoja wa kutembea naye kwenye ukumbi mmoja, na safisheni vishikio vya milango nyuma yao. Barakoa huwatisha, na asiyesikia vizuri hukosa midomo ya kusoma. Wengine tulibandika picha zetu za kucheka kifuani, kubwa kama bahasha.

Ni kweli kea walilazimishwa chanjo?

Kwa nyumba za wazee England, ndiyo, kuanzia 11 Novemba 2021. Sharti likafutwa 15 Machi 2022. Chanjo yenyewe niliipokea mapema na kwa shukrani. Desemba 2020 wazee wa nyumba hizi na wanaowahudumia ndio waliopangwa wa kwanza kwenye orodha, na ilistahili. Kulazimisha ni habari nyingine. Kuna wenzangu wazuri waliondoka na hawakurudi, wakati nyumba zilikuwa tayari hazina wafanyakazi wa kutosha. Ndipo viza ya kea ikafunguliwa Februari 2022, na wengi mnaosoma hapa mkaja. Mlango huo kwa waajiriwa wapya wa kutoka nje umefungwa tangu 22 Julai 2025.

Bosi anasema nisipokuja nikiumwa atafuta udhamini wa viza yangu. Anaweza?

Likizo ya ugonjwa peke yake haivunji masharti ya viza. Toa taarifa ya ugonjwa kwa maandishi, si kwa simu tu, na tunza ujumbe huo. Siku saba za kwanza unajithibitishia mwenyewe. Zikizidi, pata cheti cha ugonjwa. Vitisho vikiendelea, zungumza na chama cha wafanyakazi au piga Acas, shirika la ushauri wa haki na migogoro ya kazini, ushauri wao ni bure. Kama wagonjwa wanalazimishwa kuhudumia wazee, CQC hupokea taarifa hata kwa asiyetaka jina lake litajwe.

Gonjwa likirudi, nitazuiwa tena kumwona mama?

Mwaka 2020 watoto walisimama kwenye maua, nje ya dirisha, simu sikioni. Mama mmoja alikuwa akiongea na simu tu. Hakuwahi kuelewa kwamba mtu aliye nyuma ya kioo ndiye sauti ile. Baada ya dakika kumi alimwomba binti yake aje kumtembelea.

Tangu 6 Aprili 2024 kuna kanuni: nyumba ya wazee lazima iwezeshe wageni kuingia, isipokuwa kwa sababu za kipekee, na CQC ndiyo inayoisimamia. Wakati wa mlipuko idadi yaweza kupunguzwa, utaombwa barakoa na kunawa, na pengine mkutane chumbani badala ya sebuleni. Piga simu kabla ya kutoka, uliza nani yuko zamu, na kama una mafua, ahirisha. Ukiambiwa "hairuhusiwi" bila sababu, omba sababu hiyo kwa maandishi, na uwaulize wamepima hatari ya mama yako au ya jengo zima.