Kwa nini linki ya hali ya hewa haifunguki

Msimu wa kusi ukianza, wavuvi wa hapa Lamu huniletea simu zao na lalamiko moja. Utabiri umetumwa kwenye grupu la WhatsApp, kichwa kinaonekana, hata kijipicha cha ramani kipo, lakini ukibonyeza linki, ukurasa unazunguka weee, haufunguki. Wengi huamini simu imeharibika. Simu ni nzima. Bando walilonunua ni la WhatsApp pekee, na tovuti ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa iko nje ya WhatsApp. Kile kijipicha kilitengenezwa na simu ya aliyetuma, kikasafiri ndani ya ujumbe kama kipande cha ujumbe wenyewe. Ndiyo maana kinaonekana hata kwa asiyeweza kufungua chochote kingine.

Kazi yangu ni kufunga mitandao kwenye hoteli, ofisi na maduka, basi acha nieleze kampuni ya simu inajuaje lipi ni la WhatsApp na lipi silo.

Ukifungua programu yoyote, simu hutuma data kwa vipande vidogo kwenda kwenye seva fulani, yaani kompyuta inayohudumia programu hiyo. Yaliyomo huwa yamefungwa kwa msimbo, kwa hiyo kampuni haisomi ulichomwandikia mkeo. Lakini anwani ya seva huonekana, na mara nyingi jina la tovuti hutangulia likiwa wazi kabla msimbo haujafunga mlango. Mitambo ya kampuni hulisoma jina hilo na kulilinganisha na orodha: hili lihesabiwe kwenye bando, hili likate kredo, hili lisipite kabisa. Jaribu kuwasha VPN, yaani programu inayopitisha data yako yote kwenye seva yake kwanza, ukiwa na bando la WhatsApp peke yake. Kwa kawaida hakuna kitakachopita, maana mitambo haioni WhatsApp tena, inaona seva ya VPN ambayo haimo kwenye orodha.

Ugomvi wote wa usawa wa mtandao uko kwenye orodha hiyo. Dai lenyewe, ambalo profesa wa sheria Tim Wu wa Marekani alilipa jina mwaka 2003, ni kwamba mwenye njia asibague kinachopita. Watu wa Lamu wana pa kuanzia kulielewa: pale Usita wa Mui pana nyumba iliyokuwa posta ya Wajerumani tangu 1888 hadi 1891, na sasa ni makumbusho. Posta hutoza barua kwa uzito na kwa mwendo. Karani hakuulizi unamwandikia nani ili akupunguzie bei kwa kuwa huyo ni rafiki yake.

Wamarekani wenyewe hawajaafikiana. Mwaka 2007 ilibainika kwamba kampuni ya intaneti ya Comcast inazubaisha wateja waliokuwa wakibadilishana mafaili kwa BitTorrent, programu ya kugawana mafaili moja kwa moja kati ya kompyuta za watu. Kanuni kali za kuzuia ubaguzi huo zikapitishwa 2015, zikafutwa kwa kura ya Desemba 2017, zikarudishwa 2024, na Januari 2025 mahakama ya rufaa ikazitupa. Sioni faida ya kuwafuata kwenye bembea hiyo.

Kwetu historia ni nyingine, na ina uchungu wake. Mwaka 2000 kampuni za intaneti nchini zilifungua Nairobi kituo cha kubadilishana data, KIXP, ili baruapepe ya kutoka mtaa mmoja kwenda wa pili isipande setelaiti hadi Ulaya au Marekani ndipo irudi. Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa mawasiliano ya kimataifa, ililalamika kwamba inaingiliwa haki yake. Tume ya mawasiliano ikaamuru kituo kifungwe wiki chache tu baada ya kuanza, na ilipofika 2002 ndipo kikarudi kazini. Yaani ujumbe wa Mkenya kwa Mkenya mwenzake ulilazimika kupitia ughaibuni kwa sababu mwenye njia alikuwa anauza safari hiyo.

Leo ukiritimba hauna sura ile. Meta, kampuni ya Facebook, ndiye mwenye WhatsApp, na ni miongoni mwa wamiliki wa 2Africa, kebo ya baharini ya kilomita 45,000 inayoizunguka Afrika na kupita pwani yetu. Mwaka 2014 huduma yake ya kurasa za bure, iliyokuja kuitwa Free Basics, iliingia Kenya kupitia Airtel. Uliingia bure, ila kwenye kurasa alizozikubali yeye.

Sisemi bando dogo halina maana. Mwenye shilingi ishirini mfukoni hawezi kungoja falsafa, na hizo ishirini zinamwezesha kumuuliza mnunuzi wa Malindi bei ya kamba kabla hajatia nanga. Ubaya ni kwamba mtu akizoea kutumia orodha peke yake, habari zote humfikia mkono wa pili. Utabiri husambazwa kama picha ya skrini, aliyeipiga amekata juu ambako kuna tarehe, na nimeona picha ya juma lililopita ikisomwa ufukweni kama ya leo.

Nahodha mmoja wa Shela akaniambia, "Fundi, si uwaombe tu waongeze hiyo tovuti ya hali ya hewa?" Nikamwambia, sawa, ami, na wakikubali, kesho atakuja mwalimu na tovuti yake ya mitihani, keshokutwa kijana wa Matondoni anayetaka kuuza mikeka mtandaoni, na kila mmoja atasubiri mtu wa ofisini Nairobi amkubali au amkatae. Wahindi walilikataa hilo Februari 2016: mdhibiti wao alipiga marufuku bei tofauti kulingana na kinachofunguliwa, na Free Basics ikafungasha virago. Mwaka uleule kampuni ya simu ya Jio iliingia sokoni huko, bei ya data ya kawaida ikaporomoka. Mimi ningeomba hicho: megabaiti chache, bei ya chini, zifungue chochote.

"Hata nikitaka kutazama mpira?" akauliza.

Hata mpira, ami.