Mkaguzi wa hesabu za jumuiya yenu ana leseni?

Jumuiya za wakazi, iwe ni Milimani hapa Nakuru au Migosi kule Kisumu, huchanga kila mwezi kulipa mabawabu, uzoaji taka na taa za barabarani. Pesa zikiongezeka, maswali nayo huongezeka, na la kwanza huwa hili: anayetushikia hesabu anahitaji leseni?

Mweka hazina mliyemchagua mkutanoni hahitaji. Karani mnayemlipa kuingiza michango daftarini pia hahitaji, mradi asijiite CPA, yaani mhasibu wa umma aliyeidhinishwa, kama hajasajiliwa.

Leseni huingia pale mtu anapotia sahihi ripoti ya ukaguzi. Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2008 inamtaka awe mwanachama wa taasisi ya wahasibu, ICPAK, awe na cheti cha kufanya kazi hiyo, na juu yake leseni ya kila mwaka. Wengi hukanganyikiwa hapa kwa sababu bodi ya mitihani, KASNEB, hutahini na ICPAK husajili. Kijana aliyemaliza mitihani ya CPA juzi ana elimu, pengine kuliko sisi wakongwe, lakini matokeo ya mtihani hayampi ruhusa ya kukagua hesabu za watu.

Kwa hiyo mkikabidhiwa ripoti, msianzie kwenye tarakimu. Fungueni penye maoni ya mkaguzi mtafute jina la mhasibu mwenyewe, si la kampuni tu, pamoja na namba ya cheti chake, ambayo huanza na herufi P. Muhuri wa buluu usiwatishe. Hata mimi naweza kuchongesha mmoja mjini leo na kuuchukua jioni. Namba na jina ndivyo vya kuulizia ICPAK kama bado ni halali.

Sacco na vyama vingine vya ushirika havina hiari: hesabu zao lazima zikaguliwe kila mwaka, na mkaguzi huidhinishwa na wanachama kwenye mkutano mkuu. Kikundi kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 kianze kwa kusoma katiba yake. Kama ni kidogo na katiba haidai mkaguzi wa nje, sioni haja ya kumaliza akiba kwa ada. Teueni wanachama wawili wasiogusa pesa, walinganishe taarifa ya benki na ya M-Pesa na risiti, moja baada ya nyingine. Inachosha, lakini pesa iliyotolewa bila risiti hujitokeza hapo hapo.

Nisichokikubali, hata kwa kikundi cha watu kumi, ni aliyeandika vitabu Januari hadi Desemba kuja kujikagua mwenyewe. Wala shemeji yake.

Mkiajiri mkaguzi, mwandikiane barua: kazi gani, ada ngapi, ripoti lini. Akiharibu kazi na ni mwanachama, malalamiko yanapokelewa ICPAK, yenye kamati ya nidhamu. Asiye mwanachama hana nidhamu ya taaluma inayomfunga; huyo kesi yake huanzia kituo cha polisi.