Kabla Hamjachapisha Kadi za Harambee ya Maji

Mwaka huu nimepigiwa simu nne zenye maneno yale yale. Kambi ya vijana pwani ya Bagamoyo, mfumo wa maji umechakaa, harambee imepangwa, mgeni rasmi amekubali, kadi zimeshachapishwa: "Changia Pampu Mpya". Ndipo mwenyekiti ananiuliza, "Sasa Injinia, tuchukue ya hospawa ngapi?"

Nami namuuliza langu: Mzee wangu, kwa siku mnapandisha lita ngapi? Kimya. Mita hakuna, daftari hakuna, ila pampu imeshahukumiwa.

Kambi karibu zote ninazozihudumia huku, Kiromo hadi Mlingotini, mpangilio wao ni mmoja. Kisima, pampu, tangi juu ya mnara, kisha maji yanashuka yenyewe kwenda jikoni, mabwenini na mabafuni. Kazi ya pampu inaishia tangini. Kama tangi limejaa na bafu la mwisho linatoa maji membamba kama uzi, pampu haina kesi. Msukumo wa bafuni unatokana na kimo cha mnara, kila mita 10 ni baa 1 (kipimo cha msukumo), halafu unaliwa njiani na bomba. Bomba la chuma la inchi 2 lililokaa ardhini miaka mingi, tena kwenye udongo wetu wa chumvi, hujaa kutu ndani mpaka likabaki na tundu la inchi 1. Kupitisha kiasi kile kile cha maji kwenye tundu lililopungua nusu kunakula msukumo karibu mara 30. Narudia, 30, kwa sababu kila nikisema watu wanadhani nimekosea, wanategemea niseme 2.

Kambi moja ilinisikiliza nusu. Walikubali nipime, lakini pampu walikuwa wameshaiagiza. Jioni tulijaza tangi la lita 10,000, saa 3 usiku tukafunga koki zote, nikapanda ngazi na kuchora mstari wa chaki penye usawa wa maji. Saa 11 alfajiri maji yalikuwa sentimita 40 chini ya chaki. Tangi lile kipenyo chake ni mita 2.2, kwa hiyo kila sentimita ni kama lita 38. Fanya hesabu: lita 1,500 zimeondoka watoto wamelala. Kwa saa 24 ni zaidi ya lita 4,500, na ukimpangia kila mtoto lita 50 kwa siku, hayo ni maji ya watoto 90. Yalipokuwa yanakwenda tulipaona asubuhi hiyo hiyo. Ilikuwa Februari, nyasi zote za kambi zimekauka, isipokuwa mkanda mmoja wa kijani kibichi kando ya njia ya bwalo. Mpishi akatuambia hapo panapendeza mwaka mzima, wao walidhani ni baraka ya mwarobaini.

Pampu mpya ikafika, ikafungwa, mara mbili ya ile ya zamani. Wiki kama sita hivi baadaye mpishi yule yule ndiye aliyegundua, si kamati. Chai ina munyu. Vijana wanalalamika sabuni haitoi povu.

Hili ndilo linalonikera kuliko yote, maana mtu wa pwani hapaswi kuelezwa. Chini ya kiwanja chenu maji baridi yanaelea juu ya maji chumvi, kwa sababu ni mepesi kidogo. Kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari kuna takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Ni neema kubwa, lakini hesabu hiyo inarudi kinyumenyume pia: ukivuta kwa pupa mpaka maji ya kisima yakashuka mita 1, kwa hesabu ya karatasi maji chumvi chini yake yanaweza kupanda hadi mita 40. Hupanda kama kichuguu kuelekea mdomo wa pampu. Kuchimba kirefu zaidi, ushauri ambao kila kamati huwa na mjumbe mmoja wa kuutoa, ni kuyafuata huko huko yaliko.

Hapo ndipo ninaletewa mfano wa Kaole, magofu ya mji wa kale hapa Bagamoyo. "Mbona kile kisima cha magofuni kiko jirani na bahari na maji yake ni baridi mpaka leo?" Kweli kabisa, nimeyaonja. Lakini nani aliwahi kuzamisha pampu Kaole? Kile ni kisima kifupi cha kuteka kwa mkono. Kinachotwaliwa ni ile ngozi ya juu, kidogo kidogo. Kambi ya watoto 120 nayo inaweza kuishi hivyo: pampu ndogo, ivute taratibu kwa saa nyingi, tangi kubwa lipokee. Na kisima kipimwe mwisho wa kiangazi, si baada ya masika kila kisima kikiwa kimejaa na kinajisifu.

Kuchemsha hakutoi chumvi. Maji yanapotoka kama mvuke, chumvi inabaki sufuriani na inazidi kuwa kali. Klorini nayo inaua vijidudu, na munyu unaubakiza pale pale.

"Bomba halichangiwi, watu wanapenda kuchangia kitu kinachoonekana." Hili naambiwa na wahazini, na nusu yake naielewa: tangi linapakwa jina la mfadhili, bomba linafukiwa. Ila sijakubali kwamba watu hawatoi, nadhani hawajaonyeshwa. Kwenye kambi ile ile, walipochangisha mara ya pili (ndiyo, ilibidi), nilikata kipande cha bomba la zamani kama shibiri moja nikakiweka kwenye sinia, mbele ya mgeni rasmi. Mama mhazini akajaribu kupitisha kidole gumba, kikakwama. Baada ya hapo waliuza bomba jipya kwa mita: bei ya mita moja ya plastiki nyeusi pamoja na mtaro wake, anayetaka mita 1 haya, anayetaka 20 haya. Waliomaliza mwanzo walikuwa akina mama wa jikoni, kwa kuchangishana wenyewe.

Kwenye orodha hiyo ya bomba tieni na mita mbili za kuhesabu maji, moja ikae pampu inapotokea na nyingine tangi linapotokea. Nalisema kila mahali na nitaendelea kulisema, hata wakiniita Injinia Mita.

Pampu ya sola nayo si bure. Jua ni bure, lakini kidhibiti chake huungua na hubadilishwa, paneli hufutwa vumbi, na usiku haivuti, kwa hiyo bei ya tangi kubwa iingie kwenye hesabu hiyo hiyo.

"Kiwanja chetu, kibali cha nini?" Kwa sheria ya usimamizi wa rasilimali za maji ya 2009, maji yaliyo chini ya kiwanja chako ni mali ya umma. Kuchimba kwa mashine kunataka kibali, na kwa Bagamoyo mlango ni Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu. Wafadhili wakubwa huuliza karatasi hiyo kabla hawajauliza bei.

Na ahadi si fedha. Kamati nyingine ilisaini mkataba na mchimbaji Jumatatu baada ya harambee, kwa kujumlisha ahadi zilizotangazwa kwenye kipaza sauti, na profoma (karatasi ya makadirio ya bei) waliyotumia ilikuwa imeandikwa chini kwa herufi ndogo "bila VAT". Asilimia 18 hiyo hakuna aliyeiahidi. Mtaro wao umefika nusu ya njia, na mvua za vuli zikianza utajaa mchanga upya.