Mendilibar, kocha aliyepikwa madaraja ya chini

José Luis Mendilibar alikuwa na miaka 62 aliponyanyua kombe lake la kwanza la Ulaya. Ilikuwa Budapest, tarehe 31 Mei 2023, Sevilla dhidi ya Roma ya José Mourinho, fainali ya Europa League iliyoamuliwa kwa penalti. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 29 Mei 2024, akachukua Conference League akiwa na Olympiacos, na klabu ya Ugiriki ikabeba kombe la Ulaya kwa mara ya kwanza katika historia. Kabla ya hayo mawili, taji kubwa alilokuwa nalo ni la ubingwa wa daraja la pili la Hispania.

Nimesikia akiitwa zimamoto, kocha wa kuitwa nyumba inapowaka. Kwa mtu ninayefundisha makocha, maelezo hayo hayanitoshi. Alichofanya Sevilla na Piraeus, nyumbani kwa Olympiacos, ni kazi ileile aliyokuwa akiifanya tangu 1994 kwenye viwanja ambavyo kamera hazifiki, na ukitaka kuielewa lazima uanzie huko.

Mendilibar alizaliwa Zaldibar, mji mdogo wa Bizkaia katika nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania. Alicheza kiungo, akalelewa kwenye kikosi cha pili cha Athletic Club ya Bilbao, kisha akapita Logroñés, Sestao na mwishoni Lemona. Hakuwahi kucheza hata dakika moja ya ligi kuu. Alipostaafu 1994 alianza kufundisha Arratia, timu ya vijijini huko huko Bizkaia, halafu Basconia inayolea vijana wa Athletic, halafu kikosi cha pili cha Athletic chenyewe. Mwaka 2002 akavuka bahari kwenda UD Lanzarote, kisiwa cha Canaria, ambako safari ya kwenda kucheza bara ni ya ndege.

Msomaji aliyezoea kuona La Liga tu, yaani ligi kuu ya Hispania, anahitaji kujua madaraja ya chini yalikuwaje. Wakati huo daraja la tatu, Segunda B, lilikuwa na timu 80 zilizogawanywa makundi manne ya kikanda. Kila msimu zilipanda timu 4 tu. Unaweza kuongoza kundi lako miezi tisa, ukaingia kwenye mchujo, ukapoteza jioni moja na mwaka wote ukaenda. Mfumo ulibadilishwa 2021 na daraja la tatu likabaki na timu 40, lakini mlango wa kupandia bado ni wa timu 4 tu. Ndani ya daraja hilo utakuta wachezaji wa mikataba ya mwaka mmoja, vikosi vya vijana vya klabu kubwa, na maveterani wanaomalizia miguu yao. Kocha hana fedha za usajili na kikosi chake hubadilika karibu nusu kila kiangazi. Ukitaka timu iwe na sura ifikapo Septemba, maelekezo yako lazima yawe machache, na kila mchezaji aweze kuyarudia kwa maneno yake mwenyewe.

Ndiyo maana nasema Mendilibar alipikwa huko. Mpira wake una kanuni chache sana, na hakuzibadilisha alipopanda.

Kanuni ya kwanza ni mstari wa mabeki kusimama juu, karibu na katikati ya uwanja, ili umbali kati ya beki wa mwisho na mshambuliaji wa mbele uwe mfupi. Wengi huona huku ni kujiua kwa timu ndogo, kwa sababu nyuma ya mabeki panabaki uwanja mtupu. Mimi naona kinyume chake. Beki wa daraja la chini akikaa ndani ya eneo lake la hatari, kila kosa lake dogo ni goli. Akisimama mita 40 kutoka langoni, kosa lake lina nafasi ya kusahihishwa, ama na kipa anayetoka mapema, ama na bendera ya kuotea. Timu isiyo na mabeki mahiri ndiyo yenye sababu zaidi ya kukaa mbali na lango lake.

Ya pili ni kukabia juu. Mpinzani anapoanza kutoka nyuma, kila mtu ana mtu wake na anamfuata, hata kama anamtoa kwenye nafasi yake. Hapa panahitajika mapafu na ujasiri kuliko kipaji, na mapafu yanatengenezwa mazoezini.

Ya tatu ndiyo inayodharauliwa zaidi: mpira mrefu na krosi. Timu za Mendilibar hazioni aibu kumtafuta mshambuliaji moja kwa moja. Lakini tazama walipo wengine mpira unapokuwa hewani. Viungo wameshasogea, mawinga wameingia ndani, mabeki wa pembeni wamepanda. Hawategemei mshambuliaji ashinde ule mpira wa kwanza. Wanauwinda wa pili, ule unaodondoka baada ya vichwa kugongana. Wakiupata, unaenda pembeni, krosi inapigwa, na ndani ya boksi unakuta watu watatu au wanne. Kupiga mpira mrefu huku timu imetawanyika ni kubahatisha. Kupiga huku timu nzima imebanana ni mpango, na makocha wengi ninaokutana nao huiga ule wa kwanza wakidhani wameiga wa pili.

Msimu wa 2004/05 alipewa Eibar iliyokuwa daraja la pili. Mji wa Eibar una watu kama 27,000, umebanwa kati ya milima, ulijulikana kwa viwanda vya silaha na baiskeli. Timu ikamaliza nafasi ya nne, hatua moja tu nje ya kupanda, na katikati ya kikosi kile alikuwemo kijana wa mkopo kutoka Valencia aitwaye David Silva. Watu husema mpira wa Mendilibar hauna nafasi kwa mafundi. Silva alikuwa fundi mwepesi wa umbo, na alicheza karibu kila wiki.

Msimu ule ulimrudisha nyumbani kwa kishindo: Athletic Club, timu ya ligi kuu, ikampa mikoba ya Ernesto Valverde. Baada ya mechi 9 za ligi kibarua kikaota nyasi, na nafasi yake akapewa Javier Clemente. Makocha wengi waliotoka chini huishia hapo, kwa sababu klabu zinawasoma kama walioshindwa mtihani. Yeye akarudi daraja la pili, Valladolid, na msimu wa 2006/07 timu ile ikacheza mechi 29 mfululizo bila kupoteza, ikapanda ikiwa imebaki na mechi 8 mkononi, ikamaliza bingwa na pointi 88. Moja ya timu mbili zilizopanda nayo mwaka huo ilikuwa Almería ya kocha kijana kutoka nchi hiyohiyo ya Wabaski, Unai Emery, aliyeanzia Lorca ya daraja la tatu. Mshike Emery akilini, tutakutana naye tena.

Osasuna, Levante na nyinginezo nazipitia haraka. Osasuna ilimaliza ya 7 ligi kuu mwaka 2012, jambo kubwa kwa klabu ya ukubwa ule. Levante alidumu mechi 8 za ligi. Kufukuzwa kwake mara nyingi hakunishangazi. Mfumo wa kubanana unahitaji watu kumi wasogee pamoja. Mmoja akichelewa hatua mbili, mstari wa kuotea umevunjika. Wawili wakiacha kuamini, mnapigwa mabao matatu kabla ya mapumziko. Hakuna nusu njia, na kocha mwenyewe hana mpango wa akiba wa kurudi nyuma na kujilinda. Huo ni udhaifu wa kweli na sioni haja ya kuuficha.

Eibar ya pili, kuanzia 2015 hadi 2021, ndiyo kazi yake ninayoiheshimu kuliko makombe yote mawili. Timu ilikuwa imebaki ligi kuu kwa sababu tu Elche ilishushwa kiutawala. Uwanja wa Ipurua unaingiza watu kama 8,000. Kwa mazingira hayo akakaa misimu sita, akamaliza wa 10 mwaka 2017 na wa 9 mwaka 2018. Tarehe 24 Novemba 2018 Real Madrid walifika Ipurua wakafungwa 3-0, mabao ya Escalante, Sergi Enrich na Kike García, na Marc Cucurella, wakati huo akiwa kwa mkopo, akiwasumbua mno upande wa kushoto. Siyo kwamba Madrid walikuwa na siku mbaya tu. Hawakupewa sekunde mbili za kugeuka na mpira.

Eibar walishuka 2021. Alavés wakamchukua Desemba mwaka huo, wakamwachia Aprili 2022, na kwa karibu mwaka mzima simu haikuita. Kisha Machi 2023 Sevilla, iliyokwisha kuwafukuza makocha wawili msimu uleule, Julen Lopetegui na Jorge Sampaoli, ikiwa pointi 2 tu juu ya mstari wa kushuka, ikampa mkataba wa kumalizia msimu.

Alichokifanya hapo ni somo la daraja la tatu lililohamishiwa kwenye kikosi cha mamilioni. Wachezaji waliokuwa wakihamishwa hamishwa aliwarudisha kwenye nafasi zao. Mawinga wakawa mawinga. Youssef En-Nesyri akapewa kile anachokiweza, krosi na nafasi ya kukimbilia. Mashabiki wa Manchester United wa huku kwetu hawajasahau: kwenye Europa League, sare ya 2-2 Old Trafford, kisha 3-0 Seville tarehe 20 Aprili, ambapo bao la kwanza lilitokana na Mashetani Wekundu kujaribu kuanza mpira kutoka nyuma mbele ya watu wanaokabia juu. Juventus wakafuata kwa muda wa nyongeza. Kwenye fainali, Dybala wa Roma alitangulia kufunga, mwenzake Mancini akajifunga, kipa Bono wa Sevilla akaokoa penalti, Gonzalo Montiel akapiga ya mwisho.

Oktoba 2023 Sevilla wakamfukuza. Februari 2024 akawa kocha wa tatu wa Olympiacos msimu ule, kwenye uwanja uleule wa Karaiskakis ambako mwezi Agosti alikuwa amepoteza Super Cup ya Ulaya kwa penalti dhidi ya Manchester City. Kwenye Conference League walifungwa 4-1 nyumbani na Maccabi Tel Aviv, wakageuza kwa 6-1 kwenye marudiano. Nusu fainali wakakutana na Aston Villa. Kwenye benchi la wapinzani alikuwepo Emery, yule wa Almería ya 2007, sasa akiwa na kikosi ghali zaidi. Olympiacos wakashinda 4-2 Villa Park na 2-0 Piraeus. Ayoub El Kaabi, ambaye wapenzi wa CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, wanamkumbuka kwa mabao 9 ya mwaka 2018, alifunga matano kati ya hayo sita, kisha akafunga la fainali dhidi ya Fiorentina dakika ya 116. Msimu uliofuata wakabeba ligi na kombe la Ugiriki.

Simba nao waliwahi kuajiri kocha wa njia hii. Pablo Franco, aliyefika Msimbazi Novemba 2021, alikuwa ametoka kikosi B cha Getafe kabla ya kupewa kikosi cha kwanza 2015, na aliifikisha Simba robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikatolewa kwa penalti na Orlando Pirates. Viongozi wa klabu zetu wanapofungua wasifu wa kocha wa Hispania, huangalia kwanza majina ya klabu kubwa. Ningewaomba wasome pia mistari ya chini ya ukurasa: alikaa miaka mingapi Segunda B, na timu gani, na alibakiza nini alipoondoka.

Kwa kocha kijana anayetaka kuanza kumsoma Mendilibar, mechi ya Eibar na Real Madrid ya Novemba 2018 inatosha kwa wiki nzima. Usiufuate mpira. Mfuate beki wa kati wa Eibar, na kila timu yake inapopiga mpira mrefu, hesabu hatua anazosogea mbele kabla haujatua.